Kabla ya Kushusha Giaboksi

Dereva aliyelala njiani akifika gerejini huwa tayari ana jina la ugonjwa. "Fundi, klachi imeisha." "Fundi, giaboksi imekufa, shusha tu." Tajiri wake yuko kwenye simu kutoka Dar es Salaam, anauliza bei ya spea kabla hata injini haijapoa. Na mafundi wengi, kwa kuogopa kuonekana hawaijui kazi, huingia uvunguni na spana mkononi papo hapo. Mimi maisha yangu yote ya kazi yamekuwa giaboksi, propela na difu za malori, na jambo ninalolipigania kila siku mbele ya wateja na vijana ninaowafundisha ni hili: kilichovunjika mara nyingi ndicho kilichoshindwa mwisho. Kuna kingine kilichotangulia kuharibika, na hicho kisipopatikana, spea mpya inapewa adhabu ileile iliyoua ya zamani.

Kazi nilijifunzia Makambako, pale barabara ya Njombe na Songea inapoachana na ile inayoendelea Mbeya hadi Tunduma. Kwa mtu anayetaka kuyajua magonjwa ya malori, pale ni mahali pazuri, kwa sababu gari lililotoka bandarini limeshapita kwenye joto la Mikumi na, zaidi ya yote, limeshapanda Kitonga. Kutoka Ruaha Mbuyuni kuelekea Ilula lori lenye mzigo, ambalo sheria inaliruhusu kufika tani 56 kwa jumla, linapanda kona baada ya kona kwa gia ya chini, injini ikitoa nguvu zake zote kwa muda mrefu huku gari likienda mwendo wa mtu anayetembea. Udhaifu uliokuwa umejificha tangu bandarini Kurasini hujitangaza pale.

Wazee waliotufundisha walianza kazi kwenye njia hii ikiwa bado ya vumbi. Walowezi wa Rhodesia walipojitangazia uhuru wao Novemba 1965, njia ya Zambia ya kupitia kusini iliingia mashakani, na mafuta yakaanza kupelekwa kwa malori kupitia huku, shaba ikirudi. Malori mengi yalikuwa Fiat, na barabara ilikuwa mbaya kiasi cha kupewa jina la Njia ya Jehanamu. Spea zilikuwa za kusubiri. Fundi wa wakati ule hakuwa na rafu ya kuchukua beringi mpya kila anaposikia mlio. Ilimlazimu ajue kwa hakika ni ipi kabla ya kuagiza. Naamini tabia yao ya kuuliza sana ilitokana na hapo, na ninasikitika kuona inavyopotea sasa ambapo duka la spea liko mlango wa pili.

Fundi mkuu wetu hakukubali mtu aguse gari kabla dereva hajakaa kwenye benchi na kupewa chai. Mahojiano yenyewe yalikuwa hivi:

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, kijana. Giaboksi yangu inalia."

"Inalia wakati gani, mzee?"

"Muda wote."

"Hata ukiwa umesimama, gia iko frii, injini inanguruma?"

Dereva ananyamaza, anarudi kichwani mwake hadi barabarani. "Hapo inalia. Ila nikikanyaga klachi inaacha."

Jibu hilo moja lina thamani kuliko saa nzima ya kulala uvunguni. Gari likiwa frii na mguu uko nje ya klachi, injini inazungusha shafti ya kuingilia ya giaboksi pamoja na shafti ya chini na beringi zake zote. Ukikanyaga klachi, injini na giaboksi vinaachana, na shafti hizo zinasimama. Kwa hiyo mlio unaokufa ukikanyaga unatoka ndani ya giaboksi, upande wa mbele au kwenye beringi za shafti ya chini. Mlio unaozaliwa ukikanyaga unatoka kwingine kabisa: rilizi beringi, au ile beringi ndogo iliyokaa katikati ya flaiwili ambayo wengi huisahau. Mguu wa dereva umefanya kazi ya vipimo, na hakuna bolti iliyofunguliwa.

Maswali mengine hufuata. Inavuma likivuta mlima au likishuka na injini ikilizuia? Pinioni na kraunwili za difu husagana upande mmoja wa meno gari linapovuta na upande wa pili linaposhuka, kwa hiyo mvumo unaokuja upande mmoja tu unasema meno yamekaa vibaya au yamelika. Mvumo usiobadilika kwa kuvuta wala kushuka huelekea kwenye beringi. Kugonga kunakosikika kwenye kona tu, barabara ikinyooka kunatoweka, ni gia ndogo za ndani ya difu, zile zinazofanya kazi pale gurudumu moja linapozunguka zaidi ya lingine. Na gia inayochomoka? Uliza inachomoka gari likivuta au likiachiwa, halafu kabla ya kuitukana giaboksi katazame mpira wa kushikilia injini na bushi za fito zinazotoka kwenye mti wa gia kwenda nyuma, hasa kwenye gari ambalo kabini yake imeinuliwa na kushushwa mara nyingi. Mpira ukikatika, injini inajipinda kila dereva anapokanyaga mafuta na kuivuta gia itoke. Mteja anakuja na pesa ya giaboksi, anaondoka amenunua mpira.

Kisa ninachokitumia zaidi kufundishia ni cha kichwa cha lori kilichokuja kikiwa na shitaka la klachi. Kilikuwa kimeshushwa giaboksi kwenye gereji moja ya njiani, kikabadilishiwa klachi pleti na oili sili ya mbele, kikapanda Kitonga safari moja vizuri, na safari iliyofuata klachi ikaanza kuteleza tena: mizunguko ya injini inapanda, gari halipandi mwendo, harufu ya kuungua inajaa kabini. Walishusha tena, wakaikuta pleti mpya imelowa oili, wakabadilisha sili kwa mara nyingine na kuilaumu ile ya kwanza kuwa ya bandia. Kilipofika kwetu kilikuwa kinateleza kwa mara ya tatu. Dereva alikuwa mtu mzima, mtulivu, na alisema jambo ambalo hakuna aliyemuuliza kabla: "Oili ya giaboksi inapungua, lakini chini haidondoki sana. Inatapakaa juu."

Juu ya giaboksi kuna brida, kitundu cha kupumulia. Oili ikipata joto, hewa ya ndani inatanuka na lazima itoke. Brida ya gari hili ilikuwa imezungukwa na oili iliyorushwa ikachanganyika na vumbi jekundu. Sasa, giaboksi za malori ya masafa marefu, kama zile ZF za gia 16, kwa ndani hazina gia 16. Zina gia kuu nne. Mbele kuna splita inayoigawa kila gia mara mbili, nyuma kuna renji inayozirudia zote, upande wa chini na upande wa juu. Nne mara mbili, mara mbili tena. Splita na renji hazisukumwi na mkono wa dereva. Zinasukumwa na upepo, uleule unaotoka kwenye matangi ya breki. Kila moja ina silinda yake na pistoni yake, na kinachozuia upepo wa silinda usiingie kwenye giaboksi ni pete ya mpira.

Tulilisubiri gari lipoe kabisa, ili joto lisitudanganye. Tukawasha injini hadi matangi yakajaa upepo, tukazima. Tukaisafisha brida na kuifunga mfuko mwembamba wa nailoni, wa aina ile iliyokuja kupigwa marufuku mwaka 2019. Hakuna kilichokuwa kinazunguka ndani ya chombo kile, lakini mfuko ukaanza kuinuka taratibu, ukajaa, ukawa mgumu. Dereva alipohamisha swichi ya renji kutoka juu kwenda chini, ukasita kujaa. Akairudisha juu, ukaendelea.

Hapo kesi ilikuwa imekwisha. Pete ya silinda ya renji ilikuwa inavujisha upande mmoja, upepo unaingia ndani ya giaboksi kwa wingi kuliko brida inavyoweza kutoa, na oili inasukumwa kutafuta njia yoyote, ikiwamo ya mbele kwenye klachi. Sili yoyote, hata ingetoka kiwandani asubuhi hiyo, isingeweza kuuzuia upepo ule kwa muda mrefu. Silinda ya renji tuliifungua gari likiwa limesimama palepale, giaboksi ikiwa mahali pake. Pete ilikuwa ngumu kama ukucha, imepasuka.

Fundi mkuu hakuishia hapo, na sehemu hii ndiyo iliyonifanya niipende kazi hii. Aliishika ile pete, akauliza: "Hii nayo imeuawa na nini?" Tukafungua koki za chini za matangi ya upepo. Yalitoka maji machafu yaliyochanganyika na oili ya kompresa, mengi. Draya ya upepo, ambayo kazi yake ni kuyakausha hayo yote kabla hayajafika kwenye vali na silinda, ilikuwa na chujio ambalo dereva hakukumbuka lini lilibadilishwa. Chujio lilichoka, maji na oili vikapita, pete ikaharibika, upepo ukaingia giaboksi, oili ikaingia klachi, klachi ikateleza Kitonga. Na wote waliotangulia walikuwa wameianzia klachi, wakaishia klachi.

Tulibadilisha chujio la draya na pete za silinda zote mbili, za renji na za splita. Hapo ndipo giaboksi iliposhushwa, kwa sababu pleti iliyolowa oili haifai tena, sili ya mbele ilikuwa imeshasukumwa na upepo, na flaiwili ilihitaji kusafishwa. Tajiri alilalamika kwenye simu kwamba anauziwa vitu vya breki wakati tatizo lake ni klachi. Fundi mkuu alimweleza kwa upole, neno kwa neno, kama ninavyoeleza hapa, na akamtumia vile vifaa vya zamani kwenye boksi ili avione mwenyewe. Desturi hiyo ya kumpa mteja kifaa kilichotolewa nimeishika. Mwenye gari ana haki ya kuona alicholipia.

Propela nayo ina ujanja wake. Dereva husema "gari linatetemeka" na kuacha hapo. Ninachomwambia ni turudi barabarani pamoja, mwendo ule ambao mtetemo unatokea, halafu abadilishe gia na kurudi mwendo uleule. Mtetemo ukibaki vilevile ingawa injini sasa inazunguka tofauti, chanzo kiko nyuma ya giaboksi: propela, difu, magurudumu. Ukibadilika pamoja na mizunguko ya injini, tutafute mbele. Ni jaribio la dakika chache ambalo linaokoa siku.

Wengi hawajui kwamba krosi, kile kiungo cha kwenye ncha ya propela, ikiwa imepinda pembe, shafti inayotoka haizunguki kwa mwendo sawa. Inaharakisha na kupunguza mara mbili katika kila mzunguko mmoja. Krosi ya upande wa pili ndiyo inayoufuta mwendo huo mbaya, kwa masharti mawili: pembe za pande zote mbili zilingane, na nira za shafti zikae kwenye mstari mmoja. Ndiyo sababu viwanda huchora mishale kwenye vipande viwili vya propela inayochomoka. Fundi akiichomoa kwa haraka na kuirudisha ikiwa imeruka meno, badala ya krosi moja kuufuta mtetemo wa nyingine, inauongeza. Halafu krosi zinaanza kufa, moja baada ya nyingine, na dereva anaanza kununua za bei ghali zaidi akidhani ni suala la ubora. Pembe nazo hubadilika zenyewe bila mtu kugusa propela: zile nondo zenye bushi za mpira zinazoishika ekseli zikichoka, ekseli inajiviringisha gari linapovuta, na pua ya difu inaelekea juu. Nikiona krosi mpya imevunjika, mkono wangu huenda kwenye bushi hizo kwanza.

Chuma kilichovunjika kinaeleza mengi kwa anayekitazama kabla ya kukitupa. Hafu shafti iliyokatika huwa na uso wa mojawapo ya aina mbili. Ukiukuta wote unakwaruza, una chembechembe sawasawa kuanzia ukingo mmoja hadi mwingine, ilikatika kwa pigo moja: klachi iliyoachiwa ghafla gari likiwa limenasa kwenye tope, au difu loki iliyowekwa magurudumu yakiwa tayari yanazunguka bure. Ukikuta sehemu imelainika na ina mistari iliyopinda inayofuatana, halafu sehemu ndogo tu ndiyo yenye chembe, ufa ulianza zamani na ukawa unakula taratibu. Siku ilipokatika palikuwa na chuma kidogo mno kilichobaki. Dereva wa siku hiyo hana hatia, na nimewatetea madereva mbele ya matajiri kwa ushahidi huo. Wapo waliokuwa wanakaribia kukatwa mshahara.

Klachi nayo husema. Pleti iliyoungua ikawa nyeusi na kunuka imeteleza chini ya mzigo. Pleti ambayo ngozi yake imeng'oka kwenye ribiti na kusambaratika, bila alama ya joto popote, imekufa kwa njia nyingine: gari lilikuwa linashuka mlima likiwa kwenye gia ya chini, mguu ukiwa umekanyaga klachi. Magurudumu yanaizungusha pleti kwa kasi ambayo injini yenyewe haifiki kamwe, na ngozi inarushwa nje. Dereva mwenye pleti ya namna hiyo namwita pembeni, nazungumza naye peke yake, kwa sababu siku nyingine mteremko huohuo hautamwachia nafasi ya kuja gerejini. Lori linaloshuka Kitonga bila injini kulizuia limeachiwa breki peke yake, na breki zikipata moto hazishiki.

Kuna kifo kimoja cha giaboksi ambacho kinaniuma kwa sababu kinatokea wakati watu wanasaidiana. Gari limezima, mwenzake analifunga mnyororo na kulivuta hadi mji unaofuata, magurudumu ya nyuma yakiwa chini na propela ikiwa mahali pake. Magurudumu yanaizungusha shafti kuu ya giaboksi, lakini injini imezima, kwa hiyo shafti ya chini inayorusha oili imesimama. Gia za juu zinasuguana zikiwa kavu kwa kilomita zote hizo. Gari lililovutwa kwa sababu ya pampu ya dizeli linafika likiwa na ugonjwa wa pili, ghali kuliko wa kwanza. Kuchomoa propela, au kutoa hafu shafti na kuziba hapo kwa kifuniko, ni kazi ya muda mfupi hata kando ya barabara. Kila utingo angepaswa kufundishwa hilo kabla ya kufundishwa kufunga turubai.

Siku hizi magari ya gia za kujibadilisha, Volvo za I-Shift na Scania za Opticruise, yamejaa njia nzima, na vijana wanakuja na kompyuta. Naipenda kompyuta na ninaitumia. Inataja sensa gani imelalamika na lini. Lakini sensa ya klachi inaweza kulalamika kwa sababu upepo ni mdogo, na upepo ukawa mdogo kwa sababu ya draya ileile. Maswali ya kwenye benchi hayajabadilika.

Lori la difu mbili lililokuja mwisho wa msimu mmoja wa mahindi lilikuwa na dereva kijana sana. Difu ya mbele ilikuwa inachemka. Ukitia mkono karibu na nyumba yake unaurudisha upesi. Oili ilitoka nyeusi, ina chembe zinazong'aa rangi ya shaba. Kwa macho ya kawaida ilikuwa difu ya kufunguliwa, kuwekewa gia za katikati na kufungwa. Tuliifungua, na kweli zile gia ndogo zinazogawa nguvu kati ya ekseli mbili zilikuwa zimeng'ang'ania kwenye pini yake, bushi zimeungua. Nikamuuliza kijana matairi yalinunuliwa lini.

"Haya ya mbele mapya, kaka. Tajiri alipata pesa ya ekseli moja. Ya nyuma yatafuata."

Tairi jipya la 315/80 R22.5 lina kipenyo cha karibu milimita 1,076. Likichakaa kukaribia upara, kipenyo kinapungua milimita 25 au 30. Kwa macho huoni kitu, lakini tairi lililochakaa linalazimika kuzunguka mara saba au nane zaidi ya jipya katika kila kilomita. Kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma ni zaidi ya kilomita 900. Gia zile za katikati zimetengenezwa kufanya kazi kidogo kwenye kona na tope, kisha zipumzike. Hapa zilikuwa zinazunguka chini ya mzigo mchana na usiku, barabara ikiwa imenyooka, hadi oili ikashindwa kuzilinda.

Tajiri alipoambiwa alisema hana pesa ya matairi mengine pamoja na difu. Nikamwambia hayahitajiki. Tulichukua futi kamba, utingo akalipima kila tairi kwa kulizungushia, la kichwa na la tela, akiandika kipimo ubavuni kwa chaki. Manane yaliyokaribiana tukayafunga kwenye ekseli mbili zinazosukuma, yaliyopishana yakaenda kwenye tela ambako hakuna difu ya kuumia. Kazi ya matairi ilichukua alasiri nzima, na spea za difu zilifika na basi la usiku kutoka Mbeya.